Shemegi anataka ninunue kiwanja cha mtoni kwa jina lake, huko Kalimantan

SWALI

Shangazi shikamoo. Jina langu lisitokee tafadhali, mana Maskat hapa sisi watu wa Pemba tunajuana mpaka namba za gari. Mie fundi wa eisii, miaka 41, Oman huu mwaka wa kumi na mbili. Mke wangu Muindonesia, tulijuana hapa hapa alipokuwa anafanya kazi nyumba ya jirani na godauni letu, mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao na mie nikamfata, tukaoana huko huko. Ndoa ilifungishwa na mwalimu wa msikiti wa kijijini, walii babaake, mashahidi walikuwepo, mahari nimetoa, wali umeliwa. Sasa tuna mtoto wa kike wa mwaka na nusu. Wao wanakaa kule, mie naenda narudi kwa viza ya kutembea, wiki nne tano kisha narudi kazini.

Kwao ni Kalimantan Kusini, upande wa Amuntai, kijiji kiko ukingoni mwa mto Nagara. Ukishuka uwanja wa ndege wa Banjarmasin unakaa tena kwenye gari masaa manne matano. Shangazi sikufichi, pale pamenishika. Nyumba za mbao zimepandishwa juu ya nguzo, mvua zikianza maji yanapita chini ya sakafu unayasikia ukilala, watu wanakwenda dukani kwa mtumbwi wa mashine. Mama mkwe anafuga bata, mia na kitu, asubuhi wanapiga kelele utadhani kuna harusi. Yeye anakaa barazani na beseni la mayai, anayachukua mawili mawili anayagonganisha polepole karibu na sikio, lenye ufa analijua kwa mlio tu, analiweka kando. Siku ya kwanza nikamcheka, siku ya tatu nikajaribu mwenyewe nikavunja manne. Usiku wa kuamkia Ijumaa nikasikia msikitini wanasoma Barzanji, shangazi machozi yalinitoka, ile ile ya kwetu Wete ila mahadhi tu yamebadilika.

Sasa tatizo. Nina riali 9,000 nimezikusanya kwa taabu, na hii kazi ya kupanda mapaa ya watu mwezi wa sita joto 45 sitoiweza mpaka uzee, nataka nihamie kule kabisa niishi na familia. Shemegi, kakaake mke wangu, kanitafutia kiwanja pale pale ukingoni, mwenyewe anataka rupia milioni 160, kwa hesabu yangu kama riali 3,800. Anasema tujenge jumba la walet, vile vindege ambavyo kiota chao kinaliwa, Wachina wananunua bei ya dhahabu. Njiani nimeyaona kweli, majumba marefu ya saruji hayana dirisha, yana vitundu tu huko juu na spika zinalia kama ndege kutwa. Yeye anasema hati iandikwe jina lake mana mgeni haruhusiwi, halafu sisi wawili tuandikiane karatasi ya pembeni kwa notari, yule ofisa wa kuthibitisha mikataba, kwamba pesa na kiwanja ni changu, eti watu wa Bali wote wanafanya hivo. Nikauliza hati yenyewe iko wapi akanionesha karatasi kuukuu ina muhuri wa sheha wao. Mke wangu kanyamaza. Nikimuuliza ananambia "terserah", yaani utavyoona wewe. Mamaangu Pemba yeye anasema nimerogwa.

Na kitu kimoja kinanirudia kichwani, kwenye ukuta wa nyumba ya mama mkwe kuna mstari wa tope, rangi ya chai, uko juu ya goti langu. Nilipouliza ni nini akasema 2021, akaendelea na mayai yake.

Nitoe pesa au nisitoe? Shemegi ananipigia wasap kila siku, anasema yupo mnunuzi mwengine.

Fundi, Maskat


JIBU

Marahaba mwanangu, na mtoto Mungu amkuze. Mwambie mama hujarogwa, umependa mahali tu, na mahali penyewe kwa ulivyopaeleza hata mie ningependa kuja kukaa hapo barazani. Lakini kupenda mahali ni kitu kimoja na kutoa riali 9,000 ni kingine. Na huyo mnunuzi mwengine, mie nimekaa kwenye mambo ya hati za ardhi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu, sijaona kiwanja kisichokuwa na mnunuzi mwengine.

Karatasi ya pembeni usiisaini. Huyo shemegi simsemi vibaya, inawezekana kabisa ana nia safi na anakutakia kheri, shida iko kwenye karatasi yenyewe. Wenyewe wanaita pinjam nama, kuazima jina, na ni kweli Bali imejaa hayo, na imejaa pia watu waliolia. Sheria yao ya ardhi ni namba 5 ya mwaka 1960, inasema Hak Milik, ndo umiliki kamili, ni ya raia wa Indonesia peke yake. Halafu kuna kifungu cha 26 ambacho ndo cha kukukosesha usingizi: mauziano yoyote yenye lengo la kumpa mgeni umiliki huo, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, ni batili, ardhi inaangukia serikalini na pesa iliyokwishalipwa haidaiwi tena. Umeona hapo? Siku mkigombana ukaenda na karatasi yako mahakamani, hiyo karatasi ndo ushahidi kwamba ulikuwa unaikwepa sheria. Muhuri wa notari hauiponyi. Na si lazima mgombane, shemegi anaweza kukopa benki kwa hati hiyo, anaweza kuachana na mkewe, anaweza kufa kesho na watoto wake hawakujui wewe wala wasap zako.

Kitu kinachowaponza watu wetu kule ni lugha. Unashika karatasi yao unaona hak, milik, hibah, waris, wakil, unajiona upo nyumbani, mana maneno yote hayo na sisi tunayo. Maneno unayajua mwanangu, sheria huijui. Na usiwaone wachoyo, hata kwetu mgeni hamiliki ardhi, Bara sheria ya 1999 inampa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na Zanzibar ndo usiseme, hata mimi na wewe zile eka tatu tulizogawiwa baada ya Mapinduzi ardhi ni ya serikali. Angekuja Muindonesia Wete akaazima jina la shemegi yake anunue shamba la mikarafuu ungemwambiaje?

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ni kubwa kuliko kiwanja. Ndoa yenu haijaandikishwa. Umeniandikia mwalimu wa msikiti, walii, mashahidi, mahari, wali, hukutaja ofisi hata moja. Mbele ya Mungu ni mkeo, sina neno, tena hao Wabanjar ni Mashafii kama sisi, nguzo zile zile. Ila kwa serikali yao hiyo inaitwa nikah siri, mkeo mpaka leo anahesabika hajaolewa, na wewe kwa karatasi ni mtalii. Ndo mana unaenda na kurudi kwa viza ya kutembea. Unataka kuhamia halafu unafikiria kiwanja kabla ya ndoa!

Kwa Waislamu ndoa inaandikishwa KUA, ofisi ya dini ya pale wilayani, ndo wanatoa kile kitabu cha nikaha. Mlikwishaoana bila wao kwa hiyo ama mwende mahakama ya dini mkaombe ndoa yenu ithibitishwe, au mfunge upya mbele ya ofisa wao, KUA ya Amuntai watawaambia ipi inawafaa. Wewe utahitaji barua ya ubalozi wetu ulioko Jakarta kwamba huna kizuizi cha ndoa. Hapo hapo mwanangu nikuulize, Pemba huna mwengine? Kama yupo sema sasa hivi, mana kule mke wa pili ni mpaka mahakama iruhusu, na ukidanganya kwenye barua hiyo umejiharibia kila kitu.

Lakini KABLA ya kuandikisha, simama. Raia wa Indonesia akiolewa na mgeni, mali wanayoichuma ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na ikiwa ya wote wawili maana yake mgeni ana sehemu kwenye ardhi, na mgeni haruhusiwi, bas mke naye anajikuta kapoteza haki ya kununua ardhi nchini kwake mwenyewe. Dawa yake ni mkataba wa ndoa kwa notari, perjanjian perkawinan, mnaandika kwamba mali yake yake na yako yako, na mnausajili pamoja na ndoa. Zamani ilikuwa lazima uandikwe kabla ya ndoa, ukishachelewa umechelewa, mpaka mwanamke mmoja wa kwao aliyeolewa na Mjapani akakataliwa kununua fleti akaipeleka kesi Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2016 mahakama ikasema mkataba unaweza kuandikwa hata ndani ya ndoa. Kwa hiyo nafasi ipo, ila kwa kuwa nyie mnaanza karatasi upya fanyeni mwanzo kabisa, iwe safi.

Mkimaliza hayo mkeo anaweza kununua ardhi kwa jina lake, halali, bila shemegi wala karatasi ya pembeni. Lakini nikwambie ukweli, hiyo ardhi itakuwa YAKE. Pesa umetoa wewe, jua umempa mkeo na mwanao. Akitangulia yeye kufa unamrithi, ila una mwaka mmoja tu wa kuiuza au kumpa raia, ukipita imekwenda. Mtoto naye, karatasi zake zikiwa sawa anabeba uraia wa pande mbili mpaka miaka 18 halafu wanampa miaka 3 ya kuchagua. Kama moyo wako haukubali kumpa mkeo pesa hiyo moja kwa moja, usiipeleke Kalimantan. Kaa nayo Maskat au nenda kaweke Wete.

Kuna watakaokwambia fungua kampuni ya kigeni, inaweza kujenga kwenye ardhi kwa miaka 30 na kuongezwa. Kweli inaweza, ila uwekezaji wa mgeni unaanzia zaidi ya rupia bilioni 10, na humo thamani ya ardhi na jengo haihesabiwi. Kwa hesabu yako ni riali laki mbili na kitu. Tuendelee.

Kiwanja chenyewe. Ukingoni mwa mto ni pazuri kukaa na pabaya kununua. Wana sheria ya nafasi ya mto, na mto ambao haujajengewa tuta nje ya mji unatakiwa kuachiwa mita 50 kila upande ukiwa mdogo, mita 100 ukiwa mkubwa. Najua utanambia mbona kijiji kizima kipo humo humo ndani ya mita hizo, mama mkwe mwenyewe yupo humo. Ndio, wamekaa tangu enzi za babu zao kabla ya hiyo mita, hakuna anayewagusa, lakini wewe mgeni wa juzi na jumba jipya la saruji ni hadithi nyengine. Na ile karatasi kuukuu ya sheha inaonesha tu kwamba kijiji kinamtambua fulani ameshika pale, hati yenyewe inatoka ofisi ya ardhi ya serikali, BPN, na mauziano yanasainiwa mbele ya ofisa wa hati wanaemwita PPAT. Aende mkeo BPN na namba ya kiwanja aulize kama kimesajiliwa, kwa jina la nani, na kama kinapatika hati. Wakimwambia hakipati hati hapo umeokoa riali 3,800 kwa nauli ya pikipiki.

Halafu mstari wa tope. Mwanangu yule mama kakujibu vizuri kuliko mimi. Januari 2021 Kalimantan Kusini ilipata mafuriko mabaya sana, karibu mkoa mzima. Nyumba ipo juu ya nguzo, na juu ya nguzo bado maji yakaingia yakafika goti! Huko kwa mkeo ni nchi ya kinamasi, maji kupanda na kushuka ndo kalenda yao, wanapanda mpunga maji yakishuka na wanavua samaki yakipanda. Na kiangazi kikali kinakuja na lake, ule udongo wa mboji ukishika moto unaungua chini kwa chini wiki kwa wiki, 2015 na 2019 moshi ulifunika Kalimantan mpaka ndege hazitui. Kama mtoto ana kifua uliza mapema.

Jumba la walet sitokuchosha nalo. Viota vina soko China, hiyo kweli. Ila yule ndege humfungii wala humnunui sokoni, unajenga, unaweka spika, unasubiri. Akipenda anaingia, asipopenda una ghorofa tatu za saruji zisizo na dirisha ambazo hata kupangisha huwezi, umezisimamisha kwenye tope juu ya nguzo za mti wa galam, na kila mwenye pesa kashajenga lake kwa hiyo ndege wale wale wanagombaniwa. Watu husubiri miaka. Wewe riali 9,000 hazina miaka ya kusubiri.

Sasa bata. Hapa mwanangu nakushangaa, umekaa wiki tano barazani na mtaalamu wa uchumi wa kile kijiji ukamsikiliza shemegi. Wale wa mama mkwe, kwa sehemu ulizonitajia, sitoshangaa kama ni Alabio, bata wenye jina Indonesia nzima, wanaitwa kwa jina la mji ulio karibu kabisa na Amuntai, na wanataga mayai mia mbili na zaidi kwa mwaka wakilishwa vizuri. Wanakula konokono wa kinamasini, samaki wadogo, unga wa sago, vitu ambavyo kule vipo mlangoni. Mayai ya chumvi Waindonesia wanayala kama sisi tunavyokula bajia. Bata hahitaji hati, maji yakipanda anaelea, na ukishindwa unamuuza wiki hiyo hiyo. Hasara ipo, mafua ya ndege yanaweza kuingia bandani yakafuta kundi, na chakula kikipanda bei faida inaliwa na bata mwenyewe, kwa hiyo usiweke zote. Weka riali 1,000 au 1,500, biashara iandikwe jina la mkeo mana biashara ndogo kisheria ni ya raia, na mama mkwe apewe hisa yake ya kweli, si ahsante tu. Kama mtataka sehemu kubwa zaidi ya banda, kodini, sewa ya miaka mitano kwa maandishi, usinunue.

Zinazobaki ziache Oman miaka miwili. Ndoa ikiandikishwa utaomba kibali cha ukaazi cha familia, KITAS, na hapo utacheka, mana baada ya miaka yote ya kafili, yule mdhamini wa kibali chako, huko Maskat, kafili wako atakuwa mkeo. Ndoa ikitimiza miaka miwili unaweza kuomba cha kudumu, KITAP. Sheria yao ya uhamiaji ya 2011 inamruhusu mwenye kibali cha ndoa kufanya kazi ya kukimu familia yake, kwa hiyo ufundi wako wa eisii una nafasi pale Amuntai na joto lile. Kuajiriwa na kampuni ni habari nyengine na kibali chengine. Lakini jifunze lugha, hicho Kiarabu cha Maskat mnachoelewana nacho na mkeo hakitakusaidia kwa fundi mwenzio wala kwa ofisa wa BPN. Na uende ukakae miezi miwili ya mvua, mwezi wa kwanza na wa pili, usiende tena wakati mto umetulia na mayai yanagonganishwa barazani.

La mwisho mkeo. Terserah ya mwanamke si ndio, muulize Muindonesia yeyote atakucheka. Yeye yuko kati ya mume na kakaake, akisema nunua akija kupoteza utamlaumu yeye, akisema usinunue kakaake atamnunia, bas kachagua kunyamaza. Mpigie wakati kaka hayupo karibu. Usimuulize kiwanja. Mwambie unataka kwanza mwende KUA na kwa notari, halafu umsikilize sauti yake inavyobadilika.

Shemegi mjibu leo kwamba pesa umefunga mpaka karatasi za ndoa zikamilike, na huyo mnunuzi mwengine asimcheleweshe. Na siku utakayorudi kule ukae barazani na beseni, umuulize mama mkwe ana bata wangapi wanaotaga sasa hivi, anauza yai kwa bei gani na kwa nani, na ile 2021 bata walikwenda wapi. Ukishapata majibu niandikie.